Saa 300 kwa Mustafa, miaka 20 kwa nani? Kisa cha LulzSec kikipimwa Malindi

Tarehe 16 Mei 2013, katika mahakama ya Southwark jijini London, Jaji Deborah Taylor aliwahukumu vijana wanne waliokiri makosa ya udukuzi katika kisa cha kundi la wadukuzi lililojiita LulzSec. Ryan Cleary alipata miezi 32. Ryan Ackroyd, askari wa zamani aliyekuwa akijifanya binti wa miaka 16 aitwaye Kayla kila alipoingia mtandaoni, alipata miezi 30. Jake Davis, msemaji wa kundi, alipata miaka 2 ya gereza la vijana. Wa nne, Mustafa Al-Bassam, hakuingia ndani kabisa: kifungo chake cha miezi 20 kilisimamishwa kwa miaka 2, akaamriwa aitumikie jamii kwa saa 300 bila malipo.

Miaka 5 baadaye, tarehe ile ile 16 Mei, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Tarehe kufanana ni sadfa tu. Lakini mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Malindi, karibu na mahakama, na wateja wangu nusu ni watu wa hati za viapo na bondi, nusu ni vijana. Baina yao ubishi hauishi. Mwanafunzi wa sheria aliyekuja kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ndiye aliyezigundua tarehe hizo mbili, akauliza kwa sauti: je, wale wanne wangeshtakiwa hapa, wangepewa nini? Swali hilo limetukalisha jioni nyingi, na ninaloandika hapa ni nilivyoliona mimi.

Kwanza walichokifanya, kwa sababu wengi wanaowatetea hawakijui na wengi wanaowalaani hawakijui vilevile.

LulzSec ilivuma kwa siku zipatazo 50 tu, Mei na Juni 2011. Kituo cha televisheni cha PBS cha Marekani kilirusha kipindi kuhusu WikiLeaks, tovuti ya kuvujisha siri, ambacho hakikuwapendeza, wakaingia kwenye tovuti yake na kubandika habari kwamba Tupac, mwanamuziki aliyekwisha kufa, yu hai, anaishi New Zealand. Kwa Sony Pictures walipitia tundu ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta hufundishwa kuliziba: sehemu ya kuandikia kwenye tovuti haikuwa ikichuja kinachoandikwa, kwa hiyo ukiweka amri ya hifadhidata mahali pa jina lako, hifadhidata inakutii. Tovuti ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, hawakuiingia. Waliifurika kwa maombi ya uongo mengi mpaka ikazidiwa ikalala. Walipozipata nywila za huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hawakuzitangaza. Waliandika barua pepe kuwaonya wahusika wazibe. Wiki moja hivi baadaye, wakamwaga hadharani barua pepe na nywila 62,000 za watu wa kawaida, watu wasiokuwa na ugomvi na mtu.

Kwangu mimi hapo ndipo kisa kinapoanza. CIA ina wanasheria wake, Sony ina pesa zake. Lakini hao 62,000 ni akina nani? Ni mtu anayetumia nywila moja kwa barua pepe, kwa Facebook na kwa duka la mtandaoni, kama wafanyavyo wateja wangu karibu wote. Mara tu orodha ilipotoka, watazamaji waliokuwa wakishangilia walianza kuzijaribu nywila zile na kuingia kwenye akaunti za wenyewe, wengine kununua vitu kwa jina la mtu, wengine kumwaibisha tu mbele ya rafiki zake. Siku hiyo hakukuwa na dhalimu aliyeumbuliwa. Kulikuwa na mchezo, na waliochezewa hawakujua kama mechi imeanza.

Msaidizi wangu, kijana hodari wa kurekebisha simu, hukasirika nikisema hivi. "Ami, unawalinganisha na wezi. Hawa hawakuiba hata senti." Kwa Mustafa ana hoja. Alizaliwa Baghdad, akaletwa London akiwa mtoto. Januari 2011, kabla ya LulzSec kuwepo, serikali ya Tunisia ilikuwa ikiwaibia wananchi wake nywila za Facebook na barua pepe ili iwajue wanaoandamana. Kijana huyu, akiwa na miaka 16 hivi na bado mwanafunzi wa sekondari, aliandika programu fupi ya kuwakinga Watunisia wasinaswe. Mtu huyo huyo, baada ya miezi michache, yumo katika kundi linalomwaga nywila za watu. Ukimhukumu kwa Tunisia peke yake utamvisha koja la asumini, na ukimhukumu kwa zile 62,000 peke yake utamtupa ndani. Jaji alitakiwa ayatazame yote mawili na umri juu yake.

Alivyowagawa, naona, alipima vizuri. Cleary hakuwa wa ndani sana katika kundi, ila alikuwa na maelfu ya kompyuta za watu alizoziteka kisirisiri, na kompyuta hizo alikuwa akizikodisha kwa pesa. Akapata kikubwa zaidi. Ackroyd alikuwa mtu mzima, mwenye ujuzi kuliko wote wa pale kizimbani. Davis alikuwa na miaka 18 alipokamatwa katika kisiwa cha Yell, huko Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Kwa London ni mbali na pweke kama Kizingitini, kule Lamu, kwa Nairobi. Akatolewa kwa dhamana kwa karibu miaka 2 akiwa na kifaa cha kumfuatilia mguuni na marufuku ya kugusa intaneti. Muda huo ulipohesabiwa, siku alizolala gerezani hazikufika 40.

Mwanafunzi wetu wa sheria hapo akanifunza kitu. Hapa kwetu kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamtaka hakimu azingatie siku ambazo mshtakiwa alikaa rumande. Za rumande, siyo za dhamana. Kwa hiyo Davis wa Malindi angekaa nje miaka 2 bila intaneti, na hakimu asingelazimika kumpunguzia hata siku moja. Na asiyekuwa na jamaa wa kumwekea dhamana angekaa ndani muda wote huo, kisha siku ya hukumu aambiwe kifungo chako umeshakimaliza. Wapo wanaotoka namna hiyo. Jamaa zao huja kwangu kuchapisha karatasi.

Nahodha mmoja mstaafu, ambaye huja kuulizia pesa za wazee na kuishia kukaa mpaka magharibi, hana subira na mambo ya umri. "Mtoto akililia wembe, mpe," anasema. "Aliyefungua mlango wa watu usiku, nitamuuliza miaka yake?"

Usimcheke. Mwisho wa Julai 2023 nahodha alikuwa hapa hapa saiba wakati eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipozimwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya, likisema Kenya inaingilia mambo ya Sudan, na tarehe 27 Waziri Eliud Owalo akakiri kwamba mfumo umeshambuliwa. Njia ilikuwa ile ile ya tovuti ya CIA: kufurika maombi. Serikali ilikuwa imetoka tu kuhamishia maelfu ya huduma huko. Mimi nilikuwa na foleni mpaka barazani: mama wa kutoka Ganda mwenye mtoto wa kupelekwa shule bila cheti cha kuzaliwa, dereva mwenye leseni inayokwisha, kijana anayetaka cheti cha tabia njema kwa sababu hoteli imemwambia bila hicho asiripoti kazini. Skrini inazunguka, inazunguka, inakata. Watu walikuwa wakinunua tokeni za stima hazifiki. Yule mama alirudi Ganda bila kitu, nauli imekwenda, na sikumsikia akiitaja Sudan.

Oktoba 2024 Marekani ikafichua mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Kisudani, mmoja wa miaka 22 na mwingine 27, ikiwahusisha na kundi hilo. Miongoni mwa yaliyotajwa ni shambulio la hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, ambako wagonjwa wa dharura ilibidi waelekezwe kwingine. Kwa mashtaka hayo mdogo wao alikabiliwa na uwezekano wa kifungo cha maisha. Msaidizi wangu, mtetezi wa wadukuzi, kwa hospitali alinyamaza. Akasema tu kwamba huo siyo uanaharakati. Nami nasema ndiyo, lakini kwa mama wa Ganda na kwa wale 62,000 pia siyo. Kipimo ni kile kile, tofauti ni ukubwa wa jeraha.

Sasa sheria yetu. Kuingia tu kwenye kompyuta isiyo yako bila ruhusa, kifungu cha 14, ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Kuuvuruga mfumo, kifungu cha 16, ni milioni 10 au miaka 5, na ikiwa kumetokea hasara kubwa, mtu kuumia, au hatari kwa afya ya umma, yanapanda mpaka milioni 20 au miaka 10. Mpaka hapo sina ugomvi. Sheria inamtazama aliyeumia na kupandisha adhabu kadiri ya maumivu.

Halafu kinakuja kifungu cha 20. Kosa la kuingia au kuvuruga likifanywa kwenye mfumo unaolindwa, adhabu inaruka mpaka milioni 25 au miaka 20. Na inayolindwa ni mingi: ulinzi wa nchi, benki, malipo, stima na maji, usafiri, usajili wa watu, hata huduma za serikali zinazotolewa kwa mtandao. Ukikaa ukaitafakari orodha hiyo utaona kwamba siku hizi ofisi ya serikali isiyokuwa na tovuti ya huduma huipati. Kijana wa kidato cha nne wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, akibahatisha nywila ya mfumo wa serikali, akachungulia, akatoka bila kugusa kitu, anaweza kusomewa kifungu kile kile cha mtu aliyezima stima ya pwani nzima. Kweli, miaka 20 ni kiwango cha juu na hakimu anaweza kushuka. Lakini hati ya mashtaka ikiandikwa kifungu hicho, dhamana inapanda, mzazi anaishiwa nguvu, na kijana anashawishika kukubali lolote ili yaishe. Adhabu hapo haipimwi tena kwa aliyeumia. Inapimwa kwa kompyuta iliyoguswa ni ya nani.

Mustafa angekuwa wa Barani, kwa umri wake wa wakati ule angekuwa mtoto mbele ya sheria, na hapo kusema kweli tuna nyenzo nzuri. Katiba, ibara ya 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe hakuna njia nyingine, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mtoto anayekiri aondolewe kwenye mkondo wa kesi: aombe radhi, alipe alichoharibu, afanye kazi ya jamii, asimamiwe. Hata aliyevuka miaka 18 hajafungiwa mlango. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kuitoa kwa kosa la kifungo kisichozidi miaka 3, na hata kwa kosa kubwa kuliko hilo endapo yeye mwenyewe anaona miaka 3 au chini yake inatosha. Kwa hiyo saa 300 za Mustafa hazihitaji sheria mpya Malindi. Zinahitaji afisa wa probesheni anayejua kompyuta ni kitu gani, na mahali pa kumpeleka kijana pasipokuwa kufyeka nyasi za ofisi ya chifu. Waholanzi wana mpango uitwao Hack_Right kwa vijana waliokosea mtandaoni mara ya kwanza, ambapo mdukuzi hukutanishwa na ufundi halali na kuonyeshwa alichokiharibu. Sisi tuna fyekeo.

Mustafa baadaye alisomea kompyuta mpaka shahada ya udaktari katika chuo cha UCL, na ni mmoja wa waanzilishi wa mradi wa Celestia wa teknolojia ya blokucheini, ile inayobeba sarafu za kidijitali. Msaidizi wangu alilitoa jambo hili kama turufu. Nahodha akauliza: na wote wanaosamehewa huwa hivyo?

La, na jibu liko Finland. Mwaka 2015 kijana Julius Kivimäki alitiwa hatiani kwa makosa 50,700 ya udukuzi aliyoyafanya akiwa na miaka 15 na 16, akapewa kifungo cha miaka 2 kilichosimamishwa. Huruma kama ya London. Baadaye siri za wateja wa kituo cha matibabu ya akili cha Vastaamo, mambo waliyomwambia daktari tu, ziliibwa, na mwaka 2020 wagonjwa wakaanza kuandikiwa mmoja mmoja walipe euro 200 au siri zao zitamwagwa. Walioguswa ni kama watu 33,000. Aprili 2024 mahakama ikamhukumu Kivimäki miaka 6 na miezi 3.

Mbele ya habari hii sikuwa na jibu jepesi, na nisingemwamini aliye nalo. Ila nimeutazama mwanzo wa kila mmoja. Katika makosa ya Kivimäki ya ujana mlikuwemo kadi za watu zilizotumika na watu binafsi waliosumbuliwa kwa kusudi. Tayari alikuwa akimchagua mtu na kumuumiza. Mustafa alishiriki dhambi kubwa ya zile nywila, lakini senti aliyoitia mfukoni haikuwepo. Hakimu anayeuliza "aliyeumia ni nani, na je, kijana huyu alijua na akafurahi?" angewatenganisha hawa wawili. Hakimu anayeuliza "mfumo ni wa nani?" asingewatenganisha.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko vifungu vyote, nalo ni kwamba kwetu adhabu hutangulia kesi. Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa Nairobi. Alikuwa ametengeneza tovuti ambayo mwananchi akibonyeza, barua pepe ya kupinga vipengele vya Mswada wa Fedha inakwenda kwa kamati ya Bunge. Kwa kawaida mtu hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini ibara ya 49 inasema saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, unasubiri siku ya mahakama inayofuata. Jumapili ilikuwa Madaraka, na Jumatatu ikawa sikukuu. Akapandishwa kizimbani Milimani Jumanne, tarehe 3 Juni, akashtakiwa kwa kifungu kile cha 16 cha kuvuruga mfumo, akaachiliwa kwa bondi ya shilingi 100,000. Tarehe 20 Juni hakimu akayatupa mashtaka: alichoelezwa kukifanya hakikuwa kosa.

Mama wa watoto wawili, usiku nne ndani, kwa jambo ambalo mahakama imesema si kosa. Wakenya wana jina lake, kamata kamata ya Ijumaa, na kila mtu pale saiba analijua. Hata nahodha, mtu wa wembe, kwa hili alitikisa kichwa: barua kwa mheshimiwa ni haki, ziwe moja au laki moja. Mwanafunzi wa sheria akamkumbusha kwamba kwa mashine inayopokea, laki moja za barua halali na laki moja za maombi ya uongo zinaweza kufanana. Kweli. Ndiyo maana mashine isiachiwe kuamua. Nyuma ya kila barua ya Njeri alikuwepo mwananchi aliyetaka kusema kitu. Nyuma ya mafuriko ya eCitizen hakuwepo mtu, na yule mama wa Ganda alikuwa amefungiwa nje.

Limebaki la Marekani, ambako kesi ya LulzSec ilikuwa na kichwa chake. Kiongozi wa kundi alikuwa Hector Monsegur, akiitwa Sabu, mtu wa miaka 27 wa New York aliyekuwa akiwalea watoto wawili wa jamaa yake. FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, walimfikia Juni 2011, na tangu hapo akawa anawafanyia kazi huku wenzake wakimwita bosi. Desemba mwaka huo huo Jeremy Hammond alivamia mitambo ya Stratfor, kampuni ya uchambuzi wa mambo ya usalama, akachukua barua pepe zilizoishia WikiLeaks, na kadi za wateja zikachajiwa michango ya hisani bila wao kujua. Sabu alikuwa akiongea naye muda wote, FBI ikisikiliza. Novemba 2013 Hammond alipewa miaka 10. Mei 2014 Sabu alihukumiwa muda aliokwisha kukaa ndani, miezi 7, akaenda nyumbani.

Mwanafunzi wa sheria anasema makubaliano na upande wa mashtaka yapo hata kwetu, kifungu cha 137A na vinavyofuata, na kwamba anayewasaidia polisi hupunguziwa kila mahali. Nahodha anasema hata yawe yameandikwa mara mia, bahari haijapata kuona nahodha anayeokoka kwa kuwatosa mabaharia wake akapewa mkono wa heri. Msaidizi wangu anataka kujua kwa nini wale wenye kadi za Stratfor hawakuonywa, ikiwa serikali ilikuwa ikisikiliza. Mimi kwa Sabu niko na nahodha, na swali la msaidizi wangu sijamsikia mtu akilijibu vizuri.